Nusu marathoni ya usiku Disney (2010–2015): kwa nini mtu wa saa 2 alikuwa anamaliza kwa 2:20?

#1 Mpiga_Lami
Wakuu, hii ni kwa wanaozijua mbio za Walt Disney World kule Florida. Kuanzia 2010 hadi 2015 ile Wine & Dine Half ilianza saa 4 usiku pale kituo cha michezo cha ESPN Wide World of Sports, ikapita bustani za burudani za Disney: Animal Kingdom, ikarudi Hollywood Studios, ikaishia Epcot. Halafu watu wanakula na kunywa mle ndani mpaka saa 10 alfajiri. Njia karibu yote tambarare, jua hakuna, watu wamejiandaa miezi minne. Lakini mtu ambaye asubuhi anaikimbia km 21.1 kwa saa 2 (yaani 5:41 kwa kilomita) alikuwa anaingia Epcot na 2:15, 2:20.

Dai langu: usiku unasingiziwa, tatizo ni mchana wake. Mtu anaingia bustanini saa 3 asubuhi, anazurura kutwa, km 12 hadi 15 juu ya zege si ajabu, anasimama foleni, halafu saa 4 usiku anadai miguu mipya. Anayepinga aje na hesabu.

#2 BintiPangani
Miguu nakubali nusu. Tumbo ndilo lenye kesi kubwa. Mbio za alfajiri unaamka, mkate na ndizi, umeondoka. Mbio za saa 4 usiku una milo mitatu ya kuiharibu kabla hujafunga kamba za viatu, na uko mahali ambapo kila hatua kumi kuna mtu anauza kitu cha kukaanga.

Mpangilio unaobeba:
Saa 2 au 3 asubuhi, kifungua kinywa kikubwa, kula ushibe.
Saa 8 mchana, mlo mkuu: wali mweupe, kuku bila ngozi, chumvi ya kawaida. Kuanzia hapo hakuna maharage, kachumbari wala mafuta. Nyuzinyuzi za saa 10 jioni ndizo zinazokutafutia choo kilomita ya 9.
Saa 12 na nusu jioni hadi saa 1, gramu 1 hadi 2 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 65: slesi tatu za mkate na jamu, ndizi moja, basi.
Njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli moja (kile kipakiti cha wanga cha wakimbiaji) huwa na gramu 22 hadi 25, kwa hiyo mtu wa saa 2 anahitaji tatu: dakika ya 35, ya 65, ya 95. Mezeshea maji. Ukichanganya jeli na kinywaji cha sukari tumbo linagoma.

Na yote haya yajaribiwe nyumbani, usiku, angalau mara mbili kabla ya safari. Tumbo nalo linafundishwa.

#3 Kobe_wa_Orlando
@Mpiga_Lami umeandika "jua hakuna" kana kwamba Florida bila jua ni Njombe. Joto la hewa likishuka jioni, unyevunyevu unapanda, mara nyingi mpaka asilimia 90. Jasho halikauki, linadondoka tu, na jasho lililodondoka halijapoza chochote. Mbili za mwanzo (2010 na 2011) zilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, wakati Orlando usiku bado inacheza kwenye nyuzi 20 na zaidi. Kuanzia 2012 wakasogeza Novemba.

Ulitaka hesabu. Jeff Galloway, aliyekuwa mshauri wa mazoezi wa mbio za Disney, ana kanuni: juu ya nyuzi 60 za Farenihaiti, ongeza sekunde 30 kwa maili kwa kila nyuzi 5. Kwa vipimo vyetu ni kama sekunde 19 kwa kilomita kwa kila nyuzi 2.8 za Selsiasi juu ya 15.6. Usiku wa nyuzi 22 inakuja sekunde 43 kwa kilomita. Zidisha kwa 21.1: dakika 15. Umeulizia dakika 20, 15 hizo hapo. Hata mguu sijautaja.

#4 FundiSaa
Kobe, kanuni ipo, matumizi yake umeyapinda. Galloway aliiweka kwa mbio ndefu za mazoezi, ili mtu asijiunguze Jumapili akashindwa kukimbia Jumanne. Siku ya shindano mtu anakubali kuumia. Na joto la mchana lina jua mgongoni juu yake, usiku halina. Dakika 15 zote kuzitupia hewa ni kuionea.

Umbali je? Njia hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo kwenye kila kona. Nani anakimbia mstari huo akiwa na maelfu ya watu mbele yake? Unapenya kushoto, unarudi kulia, unazunguka kundi la watu watano walioshikana mikono. Saa inakuonyesha 21.4 hadi 21.7. Hizo mita 500 ni dakika 3. Na kupenya penyewe ni kuongeza na kupunguza mwendo mara mia, kunakula nguvu kuliko mita zenyewe.

#5 Kobe_wa_Orlando
Saa ya mkononi nayo umeifanya ushahidi? Ukipita chini ya daraja au katikati ya majengo inapoteza setilaiti na kuchora njia yake yenyewe. Robo ya hizo mita zako ni za kufikirika.

#6 FundiSaa
Hata ukitoa robo bado nakudai dakika mbili na ushee.

#7 Mama_Kilomita
Salaam. Mnazungumzia watu wa saa 2 tu, wakati mbio hizi zimejaa watu wa saa 3. Kikomo ni dakika 16 kwa maili, sawa na 9:56 kwa kilomita. Jumla karibu 3:30 kwa njia nzima. Kuna mtego hapa: kutembea haraka kwa km 6 kwa saa ni 10:00 kwa kilomita. Unaonekana uko sawa, kumbe unapoteza sekunde 3 na ushee kila kilomita, na mwisho wake umechelewa zaidi ya dakika moja. Bado hujaenda chooni.

Nyuma kabisa ya kundi la mwisho wanatoka akina mama wa maputo, wamejifunga maputo, wanatembea mwendo ule ule wa dakika 16. Wakikupita, unaanza kuhesabiwa na mabasi ya kuokota watu. Ndiyo maana kundi la kuanzia ni mali: ukianza kundi la mbele una akiba ya dakika nyingi kabla mama wa maputo hajavuka mstari. Peleka matokeo ya mbio zilizopimwa (kwa nusu marathoni wanakubali maili 10 kwenda juu) kabla ya tarehe ya mwisho. Asiyepeleka anawekwa nyuma, hata awe mwepesi kiasi gani.

Kwa mwendo huo tumia kukimbia na kutembea: sekunde 30 mbio, sekunde 30 kutembea, kuanzia mita ya kwanza. Usingoje uchoke. Kabla ya kutembea inua mkono, sogea kulia. Usiku ni lazima, wa nyuma yako haoni mabega yakilegea.

#8 Mtaa_wa_Pili
Mama wa maputo 😂 nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

#9 Nesi_wa_Zamu
Wote mmeruka saa ya mwili. Joto la ndani la mwili huwa juu alasiri kwenda jioni, halafu linaanza kushuka, la chini kabisa ni alfajiri kama saa 10 au 11. Kuanzia mida ya saa 3 usiku ubongo unamwaga homoni ya usingizi. Mwili unaandaa kulala, wewe unaupigia king'ora. Mtu aliyefanya mazoezi yote saa 12 asubuhi anakutana na mwili asioujua.

Dawa yake si kubwa:
Wiki sita za mwisho, moja ya mbio za katikati ya juma ianze saa 2 au 3 usiku. Mbili kati ya mbio ndefu zianze saa 3 usiku, km 14 halafu km 18.
Siku tatu kabla, chelewesha kulala na kuamka kwa saa moja zaidi kila siku.
Siku yenyewe lala mchana dakika 90, kati ya saa 8 na saa 10. Weka kengele, ukipitiliza unaamka na uzito kichwani.
Kahawa: miligramu 3 kwa kilo, saa moja kabla. Lakini nusu yake bado inazunguka damuni saa tano baadaye. Ukinywa saa 3 usiku, saa 8 usiku uko macho kodo.

#10 BintiPangani
Sherehe inaisha saa 10 alfajiri, Nesi. Nani alikuwa na mpango wa kulala?

#11 Mpiga_Lami
Asante Nesi, ila hoja yako inanisaidia mimi. Kama mwili hufanya kazi vizuri jioni kuliko alfajiri, basi saa 4 usiku ni bora kuliko saa 11 alfajiri ambapo joto la mwili liko chini kabisa. Mtu angekimbia haraka zaidi usiku. Hakimbii, kwa sababu ameuchosha mwili mchana.

#12 Nesi_wa_Zamu
Jioni ya saa 12, ndiyo. Saa 4 mpaka saa 6 na nusu usiku mteremko umeshaanza. Usivute saa za watu.

#13 Mlima_na_Bonde
Wadau, kuna ndugu wanatoka Eldoret na Iten wanajiandikisha wakiwa huku Marekani, wanadhani km 21 tambarare karibu na usawa wa bahari ni mteremko. Iten ni kama mita 2,400, hewa kavu, usiku baridi. Mapafu yatafurahia Florida, ngozi haitafurahia. Wa Dar na Mombasa wanakuja wamejiandaa bila kujua.

Kuzoea joto lenye unyevu kunataka siku 10 hadi 14. Kama unaishi Minnesota na Oktoba imeshapoa, kuna njia ya bafu: baada ya mbio nyepesi ya dakika 40, kaa kwenye maji ya nyuzi 40 mpaka shingoni kwa dakika 30 hadi 40, siku sita mfululizo. Ukisikia kizunguzungu, toka. Mwenye presha au mjamzito asijaribu.

Jasho lipime. Jipime uzito bila nguo, kimbia saa nzima, jikaushe, jipime tena. Kilo moja iliyopotea ni lita moja. Kama ni lita 1.2 kwa saa, usijaribu kuirudisha yote, mililita 400 hadi 600 kwa saa zinatosha. Wanaokunywa kila kituo kwa woga ndio wanaovimba vidole na kutapika.

#14 Jicho_la_Popo
Nashangaa hakuna aliyegusa ardhi. Nusu ya tatizo ni kuona.

Barabara kuu kama Osceola Parkway ziliwekewa minara ya taa za jenereta. Chini ya mnara ni mchana, mita sitini mbele ni giza, na macho yaliyotoka kwenye mwanga mkali hayaoni chochote kwa sekunde kadhaa. Hapo ndipo kuna vile vitufe vya kuakisi mwanga vilivyobandikwa kwenye mistari ya lami. Kwa gari ni msaada, kwa mguu uliochoka ni kisiki. Kimbia katikati ya mistari, usiikanyage.

Animal Kingdom ndiyo mbaya zaidi. Zege lake limefinyangwa lifanane na udongo, lina alama za majani, kwato na magurudumu zilizogandishwa ndani. Mchana unaziona na kuzipenda. Usiku ni mawimbi ya sentimita moja au mbili chini ya soli, kifundo kinacheza kila hatua, na mtu mwenye akili anapunguza mwendo. Halafu mbao za Boardwalk karibu na mwisho: umande ukishuka zinateleza, na hapo ndipo watu wanaanza kuchochea mwendo.

Taa ya kichwani yenye mwanga mdogo inasaidia, iinamishe chini mita tatu mbele. Ukiiacha imenyooka, kila ukigeuka unampofusha jirani. Viatu visiwe vimelika soli ya mbele.

#15 Mpiga_Lami
Hiyo ya zege nzuri. Bado ni dakika ngapi?

#16 Jicho_la_Popo
Haipimiki kwa dakika. Inapimika kwa vifundo.

#17 Mtaa_wa_Pili
Halafu mle Animal Kingdom kuna kile kijiji chao cha Harambe, walichokijenga kwa kuiga Lamu, na hoteli ya kule nje ina Jambo House na Kidani Village. Mswahili gani atapita bila kusimama kupiga picha? Dakika 20 zenu nimezipata.

#18 FundiSaa
Unacheka, lakini picha ndiyo hoja nzito kuliko zote humu. Wahusika wa katuni husimama pembeni ya njia, kila mmoja na foleni yake. Foleni fupi dakika 2, ndefu 5. Picha nne tu za foleni ndefu, umemaliza hesabu ya Mpiga_Lami bila kugusa joto, tumbo wala saa ya mwili. Na Novemba pale Hollywood Studios zilikuwepo taa za Krismasi za Osborne, mtaa mzima unameremeta, zilizozimwa moja kwa moja Januari 2016. Pale hata anayesaka muda wake bora alipunguza.

#19 Kobe_wa_Orlando
Mtu wa picha hamuulizi mtu kwa nini amechelewa. Swali ni la wale ambao hawakusimama.

#20 Mama_Kilomita
Na nguo? Mavazi ya wahusika ni nusu ya sherehe yenyewe. Masharti yanabana: mtu mzima hafuniki uso, nguo haiburuzi chini. Kinachoangusha watu ni kitambaa. Sketi ya matabaka ya nailoni ikilowa jasho inakuwa nzito na inachubua mapaja kuanzia kilomita ya 6. Gundi ya mapambo inaachia kwenye unyevu, na pambo likidondoka ndani ya fulana ni msasa. Livae vazi zima kwenye mazoezi ya km 12 usiku. Ndani vaa kaptula ya kubana, paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani, chini ya sidiria, na kwenye mshono wa soksi. Wanaume, chuchu. Msicheke, fulana za kumaliza zina damu.

#21 Mlima_na_Bonde
Swali la pembeni: mbona waliihamisha kwenda asubuhi 2016? Ni ile radi ya 2015?

#22 Jicho_la_Popo
Ndiyo. Novemba 2015 radi iliwachelewesha, njia ikakatwa mpaka kama maili 7, km 11 hivi. Utaratibu wa kawaida wa radi ni kungoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena unaanza kuhesabu upya. Saa 4 usiku huna pa kusogeza mbio, asubuhi unayo nafasi.

#23 BintiPangani
Radi za Florida ni za mchana na jioni za kiangazi chao. Novemba ni msimu mkavu. Radi moja haihamishi mbio. Fikirieni kuwatoa wageni waliolipa bustanini, kufunga barabara Jumamosi usiku watu wakirudi hotelini, na wafanyakazi mpaka saa 10 alfajiri. Asubuhi bustani iko tupu.

#24 Nesi_wa_Zamu
Au walichoka kuona watu wakiunganisha km 21 na mvinyo tumbo likiwa tupu. Zile mbio zao nyingine, maili 10 za Tower of Terror (2012 hadi 2014), nazo zilikuwa za usiku, tena zenye joto zaidi, na zilikufa bila kusubiri radi ya 2015.

#25 Kobe_wa_Orlando
Umeona? Joto.

#26 FundiSaa
Kwa wanaokwenda sasa, msidhani usiku umeisha. Nusu marathoni zao Florida zinaanza saa 11 alfajiri, mabasi yanabeba watu tangu mida ya saa 9 usiku, kwa hiyo unaamka saa 8. Saa nzima ya kwanza ni giza. Taa, zege na vitufe vya Jicho_la_Popo bado vinakuhusu.

Na angalieni kalenda. Saa za Marekani hurudi nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa 8 usiku. Kuanzia 2016 hadi 2019 nusu hii iliangukia asubuhi ile ile. Simu inajirekebisha yenyewe, ile saa ya mezani hotelini hairekebishwi na mtu. Weka kengele kwenye simu, na ya pili kwa mwenzako.

#27 Mpiga_Lami
Tusipotee. Bado hakuna aliyenivunja: wote mnaongeza vitu juu ya mtu ambaye tayari amechoka.

#28 FundiSaa
Basi tuache maneno, mwenye kumbukumbu za saa yake aweke mgawanyo wa kila km 5. Ikiwa ni msongamano, km 5 za kwanza zitakuwa mbovu na za katikati zitanyooka. Ikiwa ni joto, mapigo ya moyo yanapanda mwendo ukibaki pale pale, halafu mwendo unaporomoka taratibu kuanzia km 10. Ikiwa ni miguu ya mchana, mapigo yako chini lakini hatua zinafupika, mtu anatoka hatua 170 kwa dakika mpaka 160. Tumbo linaonekana lenyewe, mstari wa mwendo unagusa sifuri kwa dakika tatu.

#29 BintiPangani
Sifuri inaweza pia kuwa picha Harambe.

#30 FundiSaa
Picha ni dakika mbili na mapigo yanashuka taratibu. Choo mapigo hayashuki.

#31 Mama_Kilomita
😂 Wakati mnasubiri hayo: begi la kuacha mwanzoni liwe lile la plastiki linaloonyesha ndani wanalotoa wao, na ndani weka fulana kavu, soksi na ndara. Ukimaliza umelowa, upepo wa saa 7 usiku unakutetemesha kabla hujafika kwenye foleni ya chakula. Badilisha nguo kwanza, kunywa kitu chenye chumvi, mvinyo baadaye.

#32 Kobe_wa_Orlando
Mgawanyo wa Oktoba 2011 unakubalika, au mnataka wa Novemba tu?

#33 FundiSaa
Leta. Weka na joto la usiku ule, usituletee mstari mtupu.